Dawa za Zahanati Hununuliwaje? Somo la Mshitiri na Wajibu wa Mkazi

Mzazi anayefika zahanati na mtoto mwenye homa, kisha akaambiwa kuwa dawa imekwisha na kuandikiwa karatasi ya kwenda kununua dukani, hugharamika mara mbili. Amekwisha kuichangia dawa hiyo kwa njia ya kodi au bima, na sasa anailipia tena kutoka mfukoni. Iwapo hana fedha, mtoto hurudi nyumbani bila tiba. Mara nyingi pengo katika rafu ya dawa huwa limeanza kitambo kabla ya siku hiyo, katika hatua za ununuzi ambazo mgonjwa hazioni. Ni vema basi kila mkazi azifahamu hatua hizo, kwa kuwa baadhi yake hufanyika kijijini kwake, mbele ya wajumbe waliochaguliwa na wananchi wenyewe.

Safari ya dawa hadi rafuni

Chanzo cha kwanza cha dawa za vituo vya umma ni Bohari ya Dawa, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1993. Hata hivyo, hakuna bohari iliyo na kila kitu kila siku. Zamani, Bohari ilipokosa dawa fulani, kila kituo au halmashauri ilitafuta wauzaji binafsi kwa wakati wake. Maagizo yalikuwa madogo madogo, bei zilitofautiana, na taratibu za kulinganisha bei zilichukua muda mrefu ilhali wagonjwa wakisubiri.

Mwaka 2014, Mkoa wa Dodoma ulianza kujaribu utaratibu mwingine uliopewa jina la Jazia, yaani kujazia pengo linaloachwa na Bohari. Badala ya kila kituo kutafuta muuzaji wake, mkoa mzima humchagua kwa ushindani mzabuni mmoja binafsi, aitwaye mshitiri, na kuingia naye mkataba wenye orodha ya dawa na bei zinazojulikana. Kituo hupeleka agizo kwanza Bohari ya Dawa. Kile kinachokosekana huko ndicho huagizwa kwa mshitiri, na maagizo ya vituo hukusanywa pamoja ngazi ya halmashauri. Upatikanaji wa dawa Dodoma uliongezeka. Morogoro na Shinyanga zikafuata mwaka 2016, na kufikia 2018 utaratibu ulikuwa umeenea mikoa yote ya Tanzania Bara.

Somo la kwanza ni hili: mfanyabiashara binafsi aweza kuitumikia zahanati ya kijijini vizuri, akipewa agizo kubwa linalotabirika na mkataba unaoeleweka. Somo la pili ni gumu zaidi. Utendaji wa mzabuni hautegemei uaminifu wake peke yake. Hutegemea pia jinsi mnunuzi anavyoagiza, anavyopokea, anavyoandika na anavyolipa. Mzabuni yuleyule aweza kuwa hodari kwa mnunuzi mmoja na mzembe kwa mwingine.

Kuagiza

Agizo linaloandikwa “glovu” tu, bila kutaja ukubwa, aina wala idadi katika kila boksi, humpa mzabuni ruhusa ya kuleta alicho nacho. Agizo lililo sahihi hutaja jina la dawa, nguvu yake kwa miligramu, namna ya ufungashaji na idadi. Idadi hiyo nayo hutokana na leja ya matumizi ya miezi iliyopita. Kituo kinachokisia ama hupungukiwa mapema, ama huishia na dawa zinazopitwa na muda wake stoo. Katika hali zote mbili, mzabuni hubeba lawama isiyo yake.

Kupokea

Hapa ndipo penye mtihani mkubwa. Chukulia mfano wa zahanati iliyoagiza makopo 20 ya vidonge vya parasetamo. Gari linafika jioni na makopo 12. Dereva ana haraka, na anaahidi kuwa manane yaliyobaki yatakuja na safari ijayo. Mpokeaji, kwa nia njema, anasaini hati inayosema 20. Tangu dakika hiyo, kwa mujibu wa maandishi, makopo 20 yamepokelewa. Ankara ya makopo 20 italipwa, na hakuna ushahidi wa kudai manane. Lililopaswa kufanyika ni kuhesabu mbele ya dereva, kukagua tarehe za kwisha muda wa matumizi na hali ya vifungashio, kisha kuandika 12 na kusaini kwa 12. Makopo manane hubaki deni la mzabuni, na maandishi yanalithibitisha.

Kuandika

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kasoro ya mzabuni isiyoandikwa ni sawa na kasoro ambayo haikutokea. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2023, iliyoanza kutumika Juni 2024, inaruhusu mzabuni aliyekiuka masharti kufungiwa kushiriki zabuni za umma. Lakini Mamlaka ya Udhibiti wa Ununuzi wa Umma haiwezi kumfungia mtu kwa manung’uniko ya kibarazani. Inahitaji taarifa ya taasisi iliyouziwa, yenye mkataba, barua za madai na hati za mapokezi. Pasipo kumbukumbu hizo, aliyechelewesha dawa mwaka huu hurudi mwaka ujao akiwa safi kama mgeni, na mzabuni aliyetimiza ahadi zake hana kinachomtofautisha naye.

Kulipa

Dawa ya deni ni kulipa. Katika nchi nyingi zinazoendelea, ucheleweshaji wa malipo ni miongoni mwa sababu kuu zinazodhoofisha ununuzi wa umma. Mfanyabiashara aliyekopa benki ili anunue shehena ya dawa hulipa riba kila mwezi anaosubiri fedha zake. Akishajua kuwa Serikali humlipa kwa kuchelewa, hufanya moja kati ya mambo matatu: hupandisha bei katika zabuni ijayo, hupeleka shehena nusu nusu, au hujitoa kabisa. Mwenye mtaji mdogo, pengine kutoka wilaya hiyohiyo, hutangulia kujitoa. Hatimaye gharama ya kuchelewa hurudi kwa mgonjwa aliyeandikiwa karatasi ya kwenda dukani.

Nafasi ya mkazi

Tangu mwaka wa fedha 2017/18, sehemu ya fedha za uendeshaji huingia moja kwa moja katika akaunti za vituo vya afya na zahanati. Kila kituo kina kamati ya usimamizi yenye wajumbe kutoka miongoni mwa wananchi. Kwa hiyo ununuzi si jambo la makao makuu ya wilaya peke yake. Mjumbe wa kamati ana haki ya kuiona hati ya agizo, hati ya mapokezi na ankara, na kuzilinganisha. Karatasi hizo tatu zikisema namba moja, na namba hiyo ikawa ndiyo iliyomo stoo, ununuzi umekwenda sawa. Zikitofautiana, pana jambo la kuulizwa. Kuuliza huko kusichukuliwe kuwa ni kumtuhumu mganga wala mzabuni. Kunawalinda wote wawili dhidi ya uvumi.

Mkutano mkuu wa kijiji, unaotakiwa kufanyika walau kila baada ya miezi mitatu, ndio mahali pa mkazi wa kawaida kuuliza. Maswali manne yanatosha kuanzia:

1. Ni dawa zipi muhimu zilizokosekana katika miezi mitatu iliyopita, na kwa siku ngapi?
2. Ziliagizwa lini, na kwa nani?
3. Je, kilichopokelewa kililingana na kilichoagizwa, na upungufu uliandikwa wapi?
4. Mzabuni alilipwa lini, na kama hajalipwa, kikwazo ni nini?

Kijiji kinachouliza maswali haya kila robo mwaka humfanya mpokeaji ahesabu kabla ya kusaini, mhasibu ashughulikie ankara mapema, na mzabuni atambue kuwa makopo manane yaliyobaki yana wenyewe.