SOMO: Neno moja, maana nyingi – "kontakti"

Katika somo hili tuangalie neno moja tu: kontakti. Lipo katika Kiingereza na Kifaransa, na lugha hizo mbili huliandika kwa namna moja. Hapa Butembo na Beni kila mtu analo, ila kila mmoja ana lake.

Kwa dereva, kontakti ni kuzungusha ufunguo ili gari liwake. Kwa fundi wa umeme ni nyaya kugusana. Kwa mwenye simu ni majina aliyohifadhi. Kwa askari ni kukutana na adui na kurushiana risasi. Na sisi wa mashirika husema "kontakti wetu wa Oicha", yaani mtu anayetupokea na kutupa habari.

Kisha ikaja Ebola, iliyotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 ikiwa imeanzia Mangina. Ilipotangazwa kwisha, tarehe 25 Juni 2020, watu zaidi ya 2,200 walikuwa wamekufa. Kwa watu wa afya, kontakti ni aliyemgusa mgonjwa, au maiti, au nguo zenye majimaji ya mwili wake. Si mgonjwa. Hutembelewa kila siku kwa siku 21, kwa sababu ugonjwa unaweza kukawia muda huo kabla ya kujitokeza. Naye, pamoja na "kontakti wa kontakti" (hapo dereva atacheka), alipewa nafasi ya chanjo.

Sasa fikirini neno hilo likisemwa mlangoni katika eneo la Beni, ambako raia wamekuwa wakiuawa kwa makundi tangu Oktoba 2014. Mgeni mwenye daftari, pengine akisindikizwa na askari, anauliza: "Kontakti wa marehemu ni akina nani?" Maana ya askari inasikika kabla ya ile ya muuguzi. Kwetu orodha ya majina si kitu chepesi. Wapo waliojificha; aliyejificha alikosa chanjo, na akiugua alichelewa kutibiwa. Kuita hayo yote ukaidi ni rahisi mno.

Tunashauri kuuliza tendo: Nani alimlisha? Nani alimwogesha? Nani alilala naye? Na kabla ya kuandika jina la kwanza, elezeni orodha itasomwa na nani. Kwa Kinande pia iwe hivyo. Kupachika "kontakti" katikati ya sentensi ya Kinande si kutafsiri.

Zoezi la kikundi: Chukueni neno "kesi". Muulizeni polisi, muuguzi na mama wa sokoni, kila mmoja peke yake, maana yake. Kisha jaribuni kutangaza "kesi mpya Butembo" bila kulitumia.