SOMO LA GHALA: DAWA ZA UKOO MMOJA, MADHARA YASIYOLINGANA



Chama chenye ghala hakina budi kuzijua dawa zake kwa majina halisi, si kwa harufu wala rangi ya pipa. Somo hili lalinganisha dawa tatu za kufukiza zilizotumika sana duniani karne iliyopita: methili bromaidi, ethileni daikloraidi, yaani EDC, na ethileni daibromaidi, yaani EDB.

1. Kinachodhuriwa

Kila chembe hai hutunza maagizo ya urithi katika DNA. Kemikali ikishikamana na DNA, chembe yaweza kunakili maagizo yenye kosa. Kosa hilo laweza kuleta saratani baada ya miaka mingi. Likiwa katika mbegu za uzazi, laweza kurithiwa na mtoto. Siku ya kudhurika mtu huenda asisikie maumivu yoyote.

2. Namna ya kudhuru

Methili bromaidi ina bromini moja, nayo huweza kubandika kipande kidogo juu ya DNA. EDC ina klorini mbili, na EDB ina bromini mbili. Tuseme kila moja ina mikono miwili. Mwili hujaribu kuzitakasa kwa glutathioni, kinga iliyo nyingi katika ini. Kinga hiyo ikichukua nafasi ya mkono mmoja, ule wa pili huachia, na kilichobaki huikamata DNA. Hivyo kinga yenyewe hugeuka mlango wa madhara. Kwa kuwa bromini huachia upesi kuliko klorini, EDB huharibu DNA kwa nguvu zaidi kuliko EDC.

3. Hukumu ya wataalamu

Mwaka 1984 Marekani ilisimamisha matumizi ya EDB katika nafaka. Mwaka 1999 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliiweka EDB katika kundi la 2A, EDC kundi la 2B, na methili bromaidi kundi la 3, yaani ushahidi haukutosha kuihukumu. Lakini kundi la 3 si cheti cha usalama: methili bromaidi huharibu mapafu na neva upesi, na ikiwa kidogo hewani hainuki.

4. Wajibu wa Katibu

Aandike katika daftari la ghala jina la kiambato cha kila dawa. Pipa la zamani lisilosomeka lisifunguliwe, lisimwagwe mtoni, wala lisigeuzwe la maji. Taarifa ipelekwe kwa Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, Ngaramtoni, kwenye barabara ile ile ya Namanga ipitayo Sakina. Mamlaka hiyo ilirithi kazi za TPRI kwa sheria ya mwaka 2020.

Maswali ya kujadiliwa mkutanoni

(a) Kwa nini EDB ni mbaya kuliko EDC ingawa ni ndugu?
(b) Je, sumu isiyoumiza leo yaweza kuwa salama?
(c) Ni mapipa mangapi ghalani mwetu hayana jina?