Kampala Inapimwa: Kijitabu cha Mkazi

Ukipita barabara za Kampala, inua macho utazame nguzo na kuta za majengo. Hapa na pale utaona kisanduku kidogo kimefungwa juu, mahali ambapo mkono wa mtu haufiki. Hicho ni kipima hewa. Usiku na mchana kinapima hewa unayovuta wewe na wanao, kisha kinatuma majibu. Tumeandika kijitabu hiki kwa sababu majibu hayo ni yako, na wakazi wengi bado hawajui kwamba yapo.

Hewa

Vipima hewa hivi vilitengenezwa Chuo Kikuu cha Makerere, katika mradi wa AirQo ulioanza mwaka 2015 ukiongozwa na Profesa Engineer Bainomugisha (Engineer ni jina lake, si cheo). Mashine kubwa za kupima hewa zinazoagizwa kutoka nje ni ghali mno, na jiji haliwezi kuzitawanya kila mtaa. Makerere wakaunda kifaa cha bei nafuu kinachostahimili vumbi letu, jua letu na umeme wetu unaokatika. Vifaa vingine vilifungwa kwenye bodaboda, ili barabara zipimwe pikipiki zikiwa kazini.

Ndani ya kifaa kuna mwanga. Hewa inapoingia, chembechembe za moshi na vumbi huutawanya mwanga huo, na kifaa hukadiria wingi wake. Zinazotafutwa zaidi ni chembe ndogo zinazoitwa PM2.5. Unywele mmoja wa kichwani ni mnene karibu mara thelathini kuliko chembe hiyo. Kwa udogo wake hupita puani bila kizuizi, hushuka hadi chini kabisa kwenye mapafu, na nyingine huingia kwenye damu. Majibu husafiri kwa mtandao wa simu za mkononi. Kifaa cha bei nafuu hukosea, hasa hewa ikiwa na unyevu mwingi, kwa hiyo majibu yake hulinganishwa na ya mashine kubwa na kusahihishwa na kompyuta kabla hujayaona.

Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba wastani wa chembe hizi kwa mwaka usizidi maikrogramu 5 katika mita moja ya ujazo. Wastani wa Kampala ni mara kadhaa ya kiwango hicho.

Mahali unapoishi na saa unayotoka nje vina uzito mkubwa. Kampala ni jiji la vilima. Usiku hewa baridi huteremka na kutuama mabondeni: Bwaise, Kalerwe, na Katanga iliyo katikati ya Makerere na Mulago. Alfajiri sigiri za mkaa zinawashwa, taksi na bodaboda zinaanza kuunguruma, takataka zinachomwa kando ya njia, na moshi wote huo unakuta hewa iliyolala. Ndiyo saa ambayo watoto wanatembea kwenda shule. Jioni moshi hurudi. Mvua ikinyesha, hewa husafika kwa muda. Kiangazi kikiingia, vumbi la barabara zisizo na lami huongezeka.

Programu ya simu ya AirQo haina malipo. Inaonyesha usafi wa hewa kwa rangi: kijani ni nzuri, nyekundu ni mbaya, zambarau ni mbaya zaidi. Mwenye mtoto wa pumu aitazame kabla ya kumtoa nje. Mwalimu mkuu aitazame kabla ya kupanga michezo ya uwanjani.

Namba ya mlango

Si hewa tu inayopimwa; nyumba zetu pia. Kwa miaka mingi tumeelekezana kwa steji, msikiti au mwembe. Mgeni hufika hatimaye. Gari la wagonjwa linalotafuta nyumba usiku halina muda huo. Mamlaka ya Jiji la Kampala, KCCA, iliendesha mradi wa kuzipa barabara majina na nyumba namba, na kuziingiza zote kwenye ramani ya kompyuta pamoja na thamani ya kila jengo. Usikibandue kibao cha namba.

Wengi waliogopa kwamba namba ni kodi. Thamani ya majengo hutumika kweli kukadiria kodi ya majengo, lakini nyumba anayoishi mwenyewe haitozwi kodi hiyo. Zinazotozwa ni za kupangisha na za biashara.

Choo

Nyumba chache tu za Kampala zimeunganishwa na mabomba ya majitaka. Sisi wengine tuna vyoo vya shimo, na shimo hujaa. Asiyejua amwite nani husubiri mvua, afungulie uchafu uende na maji hadi kwenye mtaro wa Nakivubo au bonde la Lubigi, kisha kipindupindu kinabisha hodi kwa jirani. KCCA iliwatuma watu mitaani wakiwa na simu, wakavihesabu vyoo na kuviweka kwenye ramani. Programu ya simu iitwayo Weyonje humkutanisha mwenye choo na mnyonya vyoo aliyesajiliwa, na gari lake hufuatiliwa ili uchafu ufike kwenye mitambo ya kusafisha.

Kiteezi

Agosti 10, 2024, baada ya mvua kubwa, mlima wa taka wa Kiteezi, jalala la jiji, uliporomoka ukafukia nyumba. Zaidi ya watu thelathini walikufa. Kwamba jalala lile lilikuwa limejaa ilijulikana miaka kabla. Tunaliandika hili kwa uchungu, kwa sababu hakuna kipimo kilichokosekana pale. Kilichokosekana ni hatua. Mkazi anayeuliza hadharani, "Mmepima, mmefanya nini?" anaulizia uhai wa watu.

Haki yako

Sheria ya Kulinda Data na Faragha ya mwaka 2019 inamlazimu anayechukua habari zako akueleze anazitakia nini. Unaweza kuomba kuona alichoandika juu yako, na kikiwa na kosa ukitake kisahihishwe. Akija mtu na simu mlangoni, omba kitambulisho na umpigie mwenyekiti wa LC1, baraza la mtaa, kabla ya kutaja jina, namba ya simu au idadi ya watu nyumbani.

Pa kuanzia

Chagua kipima hewa kilicho karibu na mtaa wako. Kwa wiki moja, soma namba yake saa moja asubuhi na saa moja jioni, uiandike daftarini pamoja na ulichokiona: nani alichoma taka, lori gani liliegeshwa injini ikiwaka, barabara ipi ilitimua vumbi. Peleka daftari hilo kwenye kikao cha LC1, lisomwe kwa sauti, na uombe yaliyomo yaandikwe kwenye kumbukumbu za kikao.