Majibu yametoka, kliniki niende na nini?

SWALI: Daktari, nina miaka 43, naishi Morogoro. Majibu ya kinyama yameonyesha saratani ya titi na nimepewa rufaa ya hospitali ya saratani ya Ocean Road. Siku ile nilisikia neno moja tu, mengine yote yalinipita. Nijiandae vipi?

JIBU: Pole sana, dada. Kupitwa na maneno ni kawaida, ndiyo maana nakuomba usiende peke yako. Mchukue mtu mtulivu mwenye mwandiko unaosomeka, si shangazi atakayelia kabla yako. Yeye aandike, wewe usikilize.

Beba karatasi yenyewe ya majibu, si picha ya kwenye simu. Iangalie: imetaja vipokezi vya homoni na protini iitwayo HER2? Kama haikutaja, iulize maabara iliyopima iwapo kile kipande cha kinyama kilichohifadhiwa kwenye nta bado kipo. Mara nyingi hichohicho hupimwa tena bila wewe kuchomwa sindano nyingine. Bila majibu hayo, daktari hajui kama vidonge vya kuzuia homoni vitakufaa.

Kisha uliza: tunaanza na upasuaji au dripu ya dawa za saratani, na kwa nini? Kuanza na dripu si kukatiwa tamaa. Mara nyingi ni kuupunguza uvimbe kwanza. Kama bado unatamani mtoto, sema kabla ya dripu ya kwanza. Dawa za kienyeji nazo zitaje zote, hatutakugombeza. (Wapo wanaogombeza, utusamehe.)

Ukishaanza dripu, homa ikifika nyuzi 38 usimeze panadol ukalala ukingoja tarehe ya kliniki. Nenda hospitali usiku huohuo.