Mwenye Kisukari na Saumu ya Kwaresima

Kila Kwaresima inapokaribia, Wakristo wenye ugonjwa wa kisukari hutuuliza kama yawapasa kufunga pamoja na wenzao. Swali hili ni zito, kwani wako waonao haya kula wenzao wakifunga, nao hukaa kimya wakajidhuru.

Kwanza tufahamu dawa zinavyofanya kazi. Chakula tulacho huongeza sukari katika damu. Insulini, ipigwayo kwa sindano, huitoa sukari hiyo katika damu ikatumiwe na mwili. Na vidonge kama glibenklamidi hulihimiza kongosho litoe insulini zaidi. Dawa hizi zikiisha kuingia huendelea na kazi yao hata tumbo likiwa tupu, na hapo sukari hushuka kupita kiasi. Metformini peke yake ni nadra kuleta shida hiyo, kwa hiyo kila mmoja na ajue jina la dawa yake.

Dalili ni kutetemeka, jasho, njaa ya ghafula na moyo kwenda mbio. Kisha mtu huchanganyikiwa na maneno yake hukorogeka. Mtu wa namna hii aweza kudhaniwa amelewa, akatolewa nje ya kanisa badala ya kusaidiwa! Ikiwa bado aweza kumeza, apewe mara moja vijiko vitatu vya chai vya sukari katika maji, au nusu glasi ya soda yenye sukari. Baada ya dakika 15 apimwe tena. Kipimo kikiwa kingali chini ya 4 (au 70, kwa mashine zenye hesabu ile nyingine), apewe tena. Akipata nafuu ale mkate au kiazi. Lakini aliyezimia asitiwe kitu kinywani. Alazwe kwa ubavu, akimbizwe hospitali.

Wengine hudhani njia ni kuacha chakula na sindano pia. Kwa wale ambao miili yao haitengenezi insulini, hilo ni baya zaidi: sukari hupanda, damu huwa na asidi nyingi, na mtu aweza kufa. Basi atakaye kufunga amwone daktari majuma kadhaa kabla ya Jumatano ya Majivu, wala asijipunguzie dawa mwenyewe.

Kitabu cha Sala cha mwaka 1662 chataja siku za kufunga au kujinyima, bali hakiweki saa za kukaa bila kula. Mtu aweza kuacha nyama au pombe (au masengenyo, ambayo hayajamshushia mtu sukari), na fedha zilizobaki akawalishe wenye njaa, kama afundishavyo Isaya katika sura ya 58.

Hata nje ya Kwaresima jambo hili latuhusu. Ibada ya saa tatu, yenye ubatizo na mnada wa mavuno, huweza kufika saa saba. Mwenye kisukari asije na chai tupu tumboni. Aje amekula, na mfukoni awe na sukari katika karatasi. Aketi karibu na mtu ajuaye hali yake. Wazee wa kanisa nao waweke kopo la sukari na kikombe katika chumba cha mavazi, na ufunguo usikae kwa mtu mmoja tu.