Mkubwa Mpya Kazini: Mgonjwa wa Akili Asiachwe Njiani

Wahenga husema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini si kila mkubwa mpya afikaye kazini huja na nafuu. Katika vituo vya afya ya akili, uongozi ukibadilishwa bila mpango, mgonjwa aliyekwisha kupata ahueni aweza kurudi wodini.

Wahudumu wa Thika na Ruiru wamezoea mabadiliko. Tangu kaunti zikabidhiwe huduma za afya mwaka wa 2013 hadi uchaguzi wa 2022, Kiambu ilipata magavana wanne: William Kabogo, Ferdinand Waititu aliyeondolewa na Seneti Januari 2020, James Nyoro na Kimani Wamatangi. Kila gavana huteua waziri wake wa afya, na mabadiliko ya juu huweza kuteremka hadi kwenye kliniki.

Kwa nini mgonjwa wa akili huumia zaidi?

Mwenye malaria isiyo kali humeza dawa kwa siku tatu. Mwenye skizofrenia aweza kuhitaji dawa kwa miaka mingi. Wengine hudungwa sindano ya flufenazini, aghalabu kila baada ya wiki nne hivi. Akiikosa, huenda dalili zisionekane kesho yake. Hurudi polepole: usingizi hupotea, hujitenga, kisha huanza kusikia sauti. Jamaa wanapotanabahi, huenda wiki kadhaa zimepita.

Mwenye kifafa, ambaye mara nyingi hutibiwa katika kliniki hiyo hiyo, akikatiziwa fenobabitoni ghafla aweza kushikwa na kifafa mfululizo na kufa.

Isitoshe, tiba hii hutegemea kuaminiana. Siri aliyomwambia muuguzi mmoja, mgonjwa hairudii upesi mbele ya mgeni.

Mhudumu afanye nini?

1. Andika orodha ya wagonjwa wanaotarajiwa wiki nne zijazo, hasa wa sindano na waliowahi kujaribu kujiua.

2. Hesabu dawa zilizo stoo. Agizo likingoja sahihi ya mkubwa mpya, mweleze mapema zitaisha lini.

3. Omba kuonana naye. Peleka ukurasa mmoja: idadi ya wagonjwa, upungufu, na jambo moja la dharura. Usianze kwa kumsengenya aliyeondoka.

4. Maagizo mapya yanayogusa tiba yaombe kwa maandishi.

5. Ukihamishwa, mjulishe mgonjwa kwa muuguzi atakayekupokea kabla hujaondoka.

Nawe pia ujichunge. Ukikosa usingizi, ukawa mkali kwa wagonjwa au ukachukia kuamka kwenda kazini, zungumza na mwenzako au mshauri.

Mkubwa mpya naye asikilize kabla ya kupangua. Awaulize wauguzi wa kliniki ni kitu gani kisichopaswa kuguswa mwezi wa kwanza.

Sheria ya Afya ya Akili iliyorekebishwa mwaka wa 2022 imezipa kaunti wajibu wa kutoa huduma hizi karibu na wananchi. Kliniki ya Thika ikikosa dawa, mgonjwa huenda akalazimika kusafiri kilomita zipatazo 40 hadi Mathari, Nairobi, hospitali iliyoanzishwa mwaka wa 1910. Asiye na nauli hubaki nyumbani.

Jamaa za wagonjwa, hifadhini kadi ya kliniki na kuandika majina ya dawa na vipimo vyake. Msingoje kidonge cha mwisho kiishe ndipo muulize.