Kutunza mbabula: makala kidogo, nyumba salama

Goma iko juu, karibu mita 1,500. Usiku wa mvua baridi inaingia mpaka mu blanketi, na mbabula ya kupikia ndiyo inapasha nyumba moto. Mu somo hili tunaangalia namna ya kuitunza, zaidi ile yenye chungu cha udongo ndani. Isipotunzwa inakula makala mengi. Ni pesa yetu inaungua, na ni miti: sehemu kubwa ya makala ya Goma inatoka mu Parke ya Virunga.

1. Kila siku

Toa majivu mbele ya kuwasha. Moto unapata hewa kupitia mlango wa chini na matundu ya chungu. Majivu yakijaa, hewa haipiti, joto inapunguka, na gazi ya sumu inaongezeka.

Usizime moto kwa maji. Chungu chenye moto kikimwagiwa maji kinapasuka. Makala yenye kubaki uyatie nje mu chombo cha chuma chenye kifuniko. Kesho yatatumika tena. Na usivunjie makala ndani ya mbabula.

2. Kila juma

Zibua matundu kwa kijiti, mbabula ikiwa imepoa. Angalia chungu. Ufa mwembamba kama unywele hauna shida. Ufa ukipanuka, uzibe kwa udongo wa mfinyanzi uliochanganywa na majivu, uache ukauke kivulini. Chungu kikianza kuchezacheza mu bati, peleka kwa fundi. Bati ikiwa bado nzima, mara nyingi inatosha kubadilisha chungu peke yake.

3. Miezi ya mvua

Bati inaharibiwa na kutu. Weka mbabula juu ya mawe, hapa kwetu hayakosekani, na usiiache nje usiku ikinyeshewa.

4. Mbele ya kulala

Hapa ndipo watu wanakufa. Wote tunajua mazuku, ile gazi ya volkano inayobaki mu mashimo na kuua mbuzi na watu. Makala nayo yanatoa gazi, monoksidi ya kaboni, isiyo na harufu wala rangi. Lakini hii haibaki chini: inajaa chumba kizima. Kulala ku kitanda kirefu hakusaidii kitu. Hata makala mekundu yasiyo na moshi bado yanaitoa.

Basi, pasha nyumba mlango na dirisha vikiwa wazi, kisha toa mbabula inje mbele ya kulala. Mtu akiumwa kichwa, akisikia kizunguzungu ao akitapika, mtoeni haraka ku hewa safi na mumpeleke ku santé.

5. Majivu

Yaliyopoa kabisa, nyunyiza kidogo mu bustani. Usiyachanganye na urea: azote inapotea hewani.

Ya kujadili mu mkutano: Nani mu nyumba yako anatoa mbabula inje kila usiku? Na asipokuwepo, nani anaitoa?